Alama Kando ya Jina la Asma

Mwezi wa sita Songea huwa na baridi ya kukaza vidole. Asubuhi hiyo ya Jumanne Oliva Mbano, mkutubi wa maktaba ya chuo, alikuwa bado hajavua koti alipoinua macho akamwona mzee amesimama mbele ya meza yake. Mzee alivaa kanzu, na juu ya kanzu koti zito la kijivu. Mkononi alishika bahasha ya khaki ya hospitali. Alisimama kama mtu aliyekwisha kuelekezwa kwenye milango mitatu isiyo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Karibu sana, nikusaidie nini?"

Mzee alizitazama rafu zilizokuwa nyuma ya Oliva, moja baada ya nyingine, taratibu.

"Hapa ndipo yanapowekwa maandishi ya fizikia?"

Oliva alikuwa na miaka kumi na mmoja katika kazi ile. Alishaulizwa habari za mitihani ya zamani, sheria za ardhi, hata mahali pa kuchajia simu. Wazee waliofika pale aghalabu walikuja kuwatafuta wanafunzi, si maandishi.

"Yapo, mzee. Unataka vitabu vya kidato cha ngapi?"

"Si vya shule. Nataka makala ya utafiti. Aliiandika binti yangu."

"Binti yako anasoma chuo hiki?"

"Hapana. Hayupo." Kisha akaona neno hilo halikutosha, akaongeza kwa sauti ileile, "Alifariki. Mwezi wa nane atatimiza miaka mitatu."

Oliva alitoka nyuma ya meza, akamvutia kiti. Alimpa pole, na mzee akaipokea kwa kuinamisha kichwa.

Jina lake lilikuwa Chande Twaha, mkulima wa korosho kutoka Nalasi, wilaya ya Tunduru. Alikuwa amekuja Songea kutazamwa macho, amefikia kwa mpwa wake, mtaa wa Bombambili. Binti yake aliitwa Asma. Alikuwa akisomea shahada ya pili ya fizikia Dar es Salaam, na wakati utafiti wake ulipokuwa ukingoni aliugua homa, siku tano tu, akafa. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Mwaka jana, wakati wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, mwalimu wa Asma alimpigia mzee simu akamwambia, "Makala ya Asma imetoka." Mzee alishukuru, hakujua la kuuliza zaidi. Wiki iliyofuata simu ile ilitumbukia kwenye pipa la maji, na namba ya mwalimu ikapotea pamoja nayo.

"Mama yake ndiye aliyenituma hasa," alisema. "Akaniambia, kama unakwenda kutengenezewa macho, basi ukayafungulie kwenye karatasi ya mtoto. Kila akienda msibani au arusini watu wanamuuliza yule binti yako alisoma nini. Hana la kuonyesha. Anataka kuishika tu hiyo karatasi. Hata kusoma hajui."

Kanuni ya maktaba ilimtaka mtu asiye wa chuo aje na barua ya utambulisho. Lakini mkuu wa maktaba alikuwa likizo, na Oliva ndiye aliyekaimu. Alifungua daftari la wageni mwenyewe, akamwelekeza mzee mahali pa kuandika. Kwenye nafasi ya jina mzee aliandika jina lake polepole, herufi moja moja. Kwenye nafasi ya kazi akaandika *mkulima*. Kwenye nafasi iliyouliza mada anayoitafuta alikaa na kalamu kwa muda, mwisho akaandika *Asma*.

Walikaa mbele ya kompyuta ya pembeni, karibu na dirisha linalotazama milima ya Matogoro. Moyoni Oliva alikuwa na hofu ambayo hakuitoa. Alijua wanafunzi wangapi huwaambia wazazi wao kwamba makala inatoka, na makala haitoki. Alijua walimu wangapi huchukua kazi ya mwanafunzi ikatoka kwa jina lao. Na marehemu hana wa kumsemea. Aliomba kimyakimya asiwe yeye wa kumwambia mzee huyu kwamba hakuna kitu.

Aliandika Asma Chande katika kanzidata ya kwanza. Yalitokea majina mengi mno. Kumbe Chande ni jina la ukoo kwa watu wengi huko India, na wengi wao ni wanafizikia. Aliyapitia, ukurasa baada ya ukurasa. Mmoja aliandika juu ya nyota, mwingine juu ya sumaku, mwingine juu ya vyuma vinavyopozwa sana. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa Nalasi. Alijaribu kanzidata ya pili, akapata walewale.

"Hayumo?" mzee aliuliza.

"Bado sijamaliza kutafuta, mzee. Hebu niambie, Asma alikuwa anafanya nini hasa? Alichunguza kitu gani?"

"Mimi si msomi, mwanangu."

"Niambie ulichokiona kwa macho yako."

Mzee aliweka mikono juu ya bahasha, akaanza kusimulia. Kadiri alivyosimulia sauti yake ilipata nguvu, kwa kuwa sasa aliulizwa jambo alilolijua.

"Alikuja na vikombe. Vidogo, vyeusi, vya plastiki. Mdomo wa kila kikombe umefungwa kitu kama kitambaa chepesi, na ndani ameweka kipande cha plastiki ngumu, kadiri ya ukucha wa kidole gumba. Akavitundika kwenye nyumba za watu, kwenye boriti, juu ambako watoto hawafiki. Nyumba za tofali za udongo. Nyumba arobaini. Tulizunguka naye mimi, maana watu wanamjua Chande, yeye wengine walimsahau tangu aende masomoni. Wakaogopa. Wengine wakasema ni uchawi, wengine wakasema anahesabu nyumba za kubomolewa. Nikawa nawaambia, huyu ni mwanangu, anapima hewa."

"Hewa gani?"

"Alisema kuna hewa inatoka ardhini. Haina rangi wala harufu. Imo kwenye udongo tangu dunia iumbwe, nchi zote ipo. Ikikusanyika chumbani mwaka hadi mwaka inadhuru mapafu. Vile vipande vya plastiki, hewa ile ikivigusa huviachia makovu madogo mno. Baada ya miezi mitatu tukavikusanya. Akasema atavisafisha kwa dawa, halafu atayahesabu yale makovu kwa hadubini, moja moja."

Oliva alikuwa ameacha kuandika. Alichukua simu, akampigia Beda, mhadhiri wa fizikia aliyekuwa jengo la pili, akamweleza habari za vikombe na makovu. Beda hakuhitaji kumaliza kusikiliza.

"Hiyo ni radoni," alisema. "Tafuta radoni ndani ya nyumba."

Oliva aliandika kwa Kiingereza maneno manne: radoni, nyumba, udongo, Tanzania. Zikaja makala arobaini na sita. Alizifungua moja moja, akisoma majina ya waandishi kabla ya kichwa cha habari. Nje kengele ya kipindi ililia, wanafunzi wakaingia, wakatoka. Mzee hakutikisika. Makala ya thelathini na moja ilikuwa na waandishi watatu, na wa pili aliandikwa Twaha, A. C.

Oliva alilisoma tena jina hilo ili apate hakika.

"Mzee, Asma chuoni alijiandikisha kwa majina gani?"

"Matatu. Asma Chande Twaha. Twaha ni baba yangu."

Hapo ikawa wazi. Wazungu wa majarida walichukua jina la mwisho wakalifanya la ukoo, na yeye asubuhi nzima alikuwa akimtafuta binti kwa jina la baba, ilhali amewekwa chini ya jina la babu.

"Mzee Chande," alisema, "yumo."

Mzee aliivua kofia yake, akaiweka magotini, akaivaa tena. Kisha akasogeza kiti.

"Nionyeshe."

Maktaba haikuwa na haki ya kuifungua makala nzima. Jarida lilifungua ikisiri pekee, yaani muhtasari, na picha ya ukurasa wa kwanza. Lakini jina lilikuwa pale, na Oliva alilionyesha kwa ncha ya kalamu. Mzee alikunja uso. Macho yake yalikuwa yametiwa dawa jana yake na herufi zilikuwa kama mchwa.

"Ngoja nizikuze," Oliva alisema.

Akazikuza, mara moja, mara mbili, mpaka jina likajaa kwenye kioo. Na kilichokuwa kando ya jina kikakua pamoja nalo. Oliva alikiona wakati mmoja na mzee. Kilikuwa msalaba mdogo mweusi, umekaa juu kidogo, baada ya herufi ya mwisho.

Mzee aliutazama kwa muda mrefu.

"Huo msalaba unafanya nini pale?"

Oliva alijikuta ameshika shingo yake mahali ilipoanguka rozari ndani ya koti. Aliuteremsha mkono.

"Si msalaba wa dini, mzee. Ni alama ya wachapaji. Mwandishi akifariki kabla makala haijatoka, majarida mengine huweka alama hiyo kando ya jina, ili msomaji ajue."

"Ajue amekufa."

"Ndiyo."

"Na hawa wengine wawili hawana kwa kuwa wako hai."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mtu wa mbali akisoma, asiyemjua Asma wala kwao, atasema huyu alikufa katika dini gani?"

Oliva aliwaza misalaba ya kwao. Makaburi ya wazazi wake yalikuwa Mpitimbi, na juu ya kila moja palisimama msalaba wa saruji alioulipia yeye na ndugu zake. Kila mwaka mwezi wa Novemba aliipaka chokaa, na akiiona kwa mbali kutoka barabarani moyo wake ulitulia. Hakuwahi kufikiri kwamba alama hiyohiyo ingeweza kumwangukia mtu mwingine kama kofi. Sasa aliliona kofi lenyewe usoni mwa mzee aliyekaa kando yake.

"Unaweza kuufuta?" mzee aliuliza. "Nimpelekee mama yake jina peke yake."

Angeweza. Ilikuwa kazi ya dakika tano, na printa ilikuwa nyuma yake. Sharifa, mama yake Asma, kule Nalasi asingejua, na mzee angesafiri na moyo mweupe.

"Naweza, mzee. Lakini sitafanya hivyo. Nikiufuta hapa, utakuwa umefutika kwenye karatasi yako tu. Kule kwenyewe utabaki. Siku moja kijana wa hapo kijijini ataifungua kwenye simu yake, amwonyeshe mama yake Asma, na mama ataona kwamba wewe na mimi tulimficha. Nipe muda nimtafute mwalimu wake."

Mzee aliinuka. "Adhuhuri imeingia," alisema. Akachukua bahasha yake akatoka, na Oliva akamwona kupitia dirishani akivuka uwanja polepole kuelekea getini. Hakuaga. Oliva alidhani ndiyo basi.

Hata hivyo aliandika barua pepe. Chini ya ukurasa wa kwanza palikuwa na anwani ya mwandishi wa kwanza, Dokta Remmy Kapinga. Alimweleza yeye ni nani, na nani amekaa kwenye kiti cha maktaba yake asubuhi ile, na alichouliza. Hakuongeza chumvi. Mwishoni aliandika namba yake ya simu.

Dokta Remmy alipiga saa kumi jioni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetembea haraka kutafuta mahali patulivu.

"Huyo mzee bado yuko hapo?"

"Ameondoka. Sijui kama atarudi."

"Nimempigia mwaka mzima, hapatikani. Dada, naomba unisikilize, halafu umweleze kama ninavyokueleza. Jarida lile linataka kila mwandishi atie sahihi. Nilipowaambia mmoja amefariki, mhariri akanishauri nimtoe, nimtaje mwishoni tu kwenye shukrani. Wenzangu hapa idarani wakasema kubali, mambo yaishe. Nikakataa. Vipimo vyote kavifanya yeye. Makovu elfu na elfu kayahesabu yeye, macho yake yakivimba. Ningeondoa jina lake ningekuwa mwizi. Tulibishana miezi kumi na minne. Makala ikakaa. Mwisho wakakubali jina libaki, kwa sharti iwekwe alama yao."

"Ule msalaba."

"Ule msalaba. Nilipouona nilishtuka, lakini nilikuwa nimechoka. Nikajiambia jina limebaki, yatosha. Hapo nilikosea. Sikuwafikiria wazazi."

Kabla hajakata simu aliahidi kutuma makala nzima, na saa moja haikupita ilifika, kurasa kumi na moja.

Asubuhi iliyofuata mzee Chande alikuwa mlangoni kabla maktaba haijafunguliwa. Alikuwa amevaa miwani mipya. Oliva alimsalimu, akamwingiza ndani, akamweleza maneno ya Dokta Remmy yote, hata yale ya wenzake waliosema kubali. Mzee alisikiliza akitazama sakafu.

"Miezi kumi na minne," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa mtoto asiye wake." Alitikisa kichwa taratibu. "Jana niliondoka hapa na hasira na mtu huyo. Usiku nikamlalamikia mpwa wangu mpaka akalala. Mungu anisamehe."

Kisha akataka kusomewa.

Oliva alifungua kurasa na kuanza kutafsiri, sentensi moja moja, kwa Kiswahili chake cha kawaida. Alipokwama kwenye hesabu alimpigia Beda, na mwishowe Beda akaja mwenyewe akakaa nao. Walisoma kwa saa mbili. Palikuwa na jedwali la nyumba arobaini, kila moja na namba yake, bila jina la mwenyewe. Mzee alizijua zote. Oliva aliposoma, nyumba yenye vyumba vitatu, bati, sakafu ya udongo, ukuta mmoja umepasuka, mzee alisema, "Hiyo ya Muhsini." Aliposoma nyumba yenye baraza pande mbili, akasema, "Kwa marehemu Juma."

Nyumba nyingi vipimo vyake vilikuwa vya kawaida. Katika chache vilipanda, na makala ilisema sababu si udongo bali kukosa upenyo wa hewa. Nyumba ya kumi na nne ilikuwa ya tatu kwa ukubwa wa kipimo. Chumba cha nyuma, kinacholaliwa, hakina dirisha.

Mzee aliinua mkono. "Simama hapo."

Oliva akasimama.

"Hiyo ni yangu." Alivua miwani. "Aliniambia nitoboe dirisha. Nikamwambia tukishauza korosho. Hakunieleza kwamba chumba chetu kimepanda, nadhani hakutaka kututia hofu, au hesabu zilikuwa bado. Alisema tu, baba, toboa dirisha. Tukauza korosho, nikajenga banda. Akarudi chuoni. Halafu akafa."

Beda alikuwa akitazama mikono yake.

"Nililitoboa baada ya arobaini yake," mzee aliendelea. "Sikujua lina kazi gani. Nilijua tu alilitaka."

"Umefanya vizuri, mzee," Beda alisema kwa sauti ya chini. "Ndilo jambo lenyewe wanaloshauri hapa."

Mzee alivaa miwani yake akamwashiria Oliva aendelee.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kifungu kifupi kinachosema nani alifanya nini. Waandishi walitajwa kwa herufi za mwanzo za majina yao. A.C.T. alibuni utafiti, alitengeneza vipimo, alikusanya data, alichambua, aliandika rasimu ya kwanza. R.K. alisimamia. Wa tatu alihakiki hesabu. Oliva alikisoma mara mbili, na mzee akataka mara ya tatu.

Ndipo wakaongea juu ya alama. Dokta Remmy alikuwa amesema yuko tayari kuliandikia jarida, ila akaomba baba mwenyewe aseme neno, maana neno la baba lingekuwa zito kuliko la mwalimu. Mzee alisitasita. Mtu aliyekwisha kupigana hivyo, alisema, si vizuri kumrudisha vitani.

"Humrudishi," Oliva alisema. "Amejitolea mwenyewe. Na kuomba si kugombana."

Mzee akaanza kusema, na Oliva akaandika kama alivyosema:

"Mimi ni Chande Twaha, mkulima wa korosho. Asma alikuwa binti yangu. Mmeliweka jina lake katika kazi yake, na mimi na mama yake tunashukuru. Kando ya jina mmeweka msalaba. Nimeelezwa kwamba kwenu ni alama ya mtu aliyekufa. Kwetu si hivyo. Sisi ni Waislamu na Asma tulimzika Kiislamu. Sisemi mmefanya ubaya. Waliozikwa chini ya msalaba nao ni watu wa Mungu, na anayeniandikia barua hii ni wa dini yao. Naomba, kama inawezekana, mseme kwa maneno kwamba amekufa. Hilo ni kweli, hatulifichi. Ni mimi baba yake."

Oliva aliitafsiri hapohapo, Beda akaipitia, ikaenda.

Ikabaki karatasi ya kumpelekea mama. Oliva alichapa kurasa zote kumi na moja, akazipanga mezani. Mzee alichukua kumi. Ule wa kwanza aliusogeza upande wa Oliva.

"Huu ukae kwako mpaka wajibu."

"Lakini jina lake kamili liko hapa tu, mzee. Kwenye hizo nyingine ni herufi tatu."

"Herufi tatu zinamtosha mama yake kwa sasa. Nitamwambia ukurasa wa kwanza unakuja. Nitamwambia na sababu yake."

Akazitia kurasa kumi ndani ya bahasha ya hospitali, pamoja na cheti cha macho, akawaaga. Gari la Tunduru lilikuwa likiondoka saa sita.

Jarida halikujibu wiki ile wala mwezi ule. Oliva aliandika tena mwezi wa saba, na Dokta Remmy akaandika kwa upande wake. Jibu la kwanza lilisema alama ni utaratibu wao kwa waandishi wote. La pili lilisema suala linajadiliwa. Mara mbili mzee alipiga kwa simu ya jirani, na mara zote mbili Oliva alimwambia bado. Hakulalamika. Alimuuliza hali yake, akamuuliza na ya Beda, akakata.

Siku ya hitima ya mwaka wa tatu Oliva alikumbuka bila kukumbushwa. Jioni alipopita kanisani aliomba kwa ajili ya Asma, halafu akakaa kwenye benchi akijiuliza kama mzee angechukia akijua. Hata hivyo hakuiondoa ile sala.

Mwanzoni mwa Septemba jarida liliandika. Walikuwa wamebadili ukurasa. Alama iliondolewa, na chini ya majina ya waandishi uliwekwa mstari mmoja wa maneno. Tena walisema wamekubaliana kuanzia sasa kuziuliza familia kwanza. Oliva aliisoma barua ile akiwa amesimama, akampelekea Beda, akampelekea Dokta Remmy, kisha akapiga simu Nalasi.

Siku nne baadaye mzee Chande aliingia maktaba akiwa amefuatana na mama mmoja mwembamba aliyejitanda kanga nyeusi. Oliva alimjua kabla hajatambulishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Oliva?"

"Ndiye mimi."

Sharifa alimshika mikono yote miwili, akaishika muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Hakuandika kitu kwenye daftari la wageni, mumewe alimwandikia. Oliva aliwaketisha, akatoa ukurasa mpya aliokuwa ameuchapa asubuhi kwenye karatasi nzito, akaulaza mbele ya Sharifa.

"Lipi jina lake?"

Oliva alimwonyesha. Sharifa aliweka kidole chini ya jina, hakulifunika.

"Na haya mawili?"

"Ya waandishi wenzake. Huyu ndiye mwalimu wake, Remmy."

"Aliyekataa kumtoa."

"Ndiye."

"Na huu mstari wa chini?"

"Unasema, Asma Chande Twaha alifariki kabla ya kazi hii kuchapishwa."

Sharifa alitikisa kichwa kukubali. "Nisomee kwa Kiingereza. Nisikie wenyewe wanavyomtaja."

Oliva akasoma, majina yote matatu na mstari wa chini, polepole. Sharifa alisikiliza ameinamisha kichwa kama anavyosikiliza mtu dua ya lugha asiyoijua lakini anajua inaombwa kwa nani. Alipomaliza, mzee Chande alisema inna lillahi kwa sauti ndogo, na mkewe akaitikia.

Kanga ilimteremka begani, akairudisha. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Oliva hakuyazuia ya kwake. Wanafunzi wawili waliokuwa meza ya jirani walifunga vitabu vyao bila kelele wakahamia upande mwingine.

"Watu wangapi wameisoma?" Sharifa aliuliza baadaye.

Oliva alitazama kwenye kompyuta. "Mpaka leo, mia mbili na kumi na wawili. Mmoja wao ametumia vipimo vya Asma kwenye utafiti wake mwenyewe, huko Malawi."

"Malawi," Sharifa alisema, na kwa mara ya kwanza alimgeukia mumewe. "Umesikia, baba Asma? Amefika Malawi."

"Nimesikia."

Walikaa pale karibu saa nzima. Beda alikuja kuwasalimu, akawaeleza kwa ufupi huyo wa Malawi anafanya nini. Sharifa alimuuliza kama yeye pia ana watoto, na kama wanalala chumba chenye dirisha. Beda akajibu kwamba wanalala.

Walipotoka, Oliva aliwasindikiza mpaka getini. Upepo wa mwezi wa tisa ulikuwa ukiinua vumbi jekundu njiani, na Sharifa aliuficha ukurasa ndani ya kanga, kifuani, akatembea mbele ya mumewe.